Kinda Chini ya Mwembe

Kosa tulilolitenda Arua lilianza kwa kusahihisha sarufi.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua ya upepo, katika msimu ule ambao wanafunzi hufika shuleni na matope hadi magotini, nasi tulikuwa darasani tukifundisha upatanisho wa ngeli. Mvulana mmoja aliingia amekunja viganja viwili kama mtu achotaye maji, akasema, "Mwalimu, mutoto ya ndege imepotea." Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, ila tulifanya lililo baya kuliko kucheka. Tuligeukia ubao tukaiandika sentensi yake, tukaipigia mistari, tukawataka wenzake wairekebishe. Baada ya dakika kumi hivi ubaoni palikuwa na sentensi safi kabisa, "Mtoto wa ndege amepotea," na darasa zima likaikariri mara tatu. Mvulana alikuwa bado amesimama, viganja vimekunjwa.

Yafaa tujieleze kidogo, ingawa maelezo si udhuru. Kiswahili cha kijana yule ni Kiswahili cha soko na cha kambi, kilichofika West Nile pamoja na askari na wafanyabiashara zamani kabla hakijafikiriwa kuwekewa vitabu. Uganda ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na mwaka 2005 Katiba ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini kati ya tangazo na darasa pana safari ndefu, nasi tunaosafiri njia hiyo twawa na pupa ya kusahihisha kila tukisikiacho. Basi tulisahihisha ngeli, tukaliacha neno. Maana lililohitaji kusahihishwa katika sentensi ile lilikuwa ni huko kupotea kwenyewe. Kinda yule hakuwa amepotea. Alikuwa ameanguka kutoka katika kiota kilichoning'inia juu ya mwembe ulio mita chache kutoka dirishani petu, na wazazi wake walikuwa juu ya mwembe ule ule, wakipiga kelele pamoja na kundi zima la minana, wale ndege wa manjano wafumao viota kwa majani. Kelele zile tulizisikia. Tulifunga dirisha ili darasa lisikilizane.

Alikuwa mtupu, hana unyoya, macho hayajafunguka, tumbo limemtoka kama tumbo la mtoto mwenye njaa. Mvulana alitaka apande amrudishe. Mwalimu mmoja kati yetu akamkataza, akasema kwamba kinda akishaguswa na mkono wa mtu hushika harufu ya mtu, na mama yake humkataa; kumrudisha ni kumtesa bure. Tulikubali, kwa kuwa nasi tulilisikia jambo hilo tangu utoto. Tukamweka katika boksi la chaki lenye pamba, tukampa uji na maziwa kwa ncha ya kijiti, na maji matone machache. Tulifurahi alipofungua mdomo. Asubuhi ya pili tulimkuta amekauka. Mvulana aliuliza amekufa kwa sababu gani, nasi tukamjibu kwa Kiswahili fasaha: kwa sababu alikuwa amepotea.

Baadaye ndipo tulipojifunza, kwa kuwauliza wanaojua, kwamba karibu kila tulilolifanya siku ile lilikuwa kinyume. Ndege hamkatai mtoto wake kwa kuwa ameguswa. Huitambua sauti na mahali kuliko harufu, naye amekwisha kuhangaika siku nyingi kwa ajili ya mayai yale, hawezi kuyaacha yote kwa sababu ya kidole cha mvulana. Maziwa si chakula cha ndege. Mnana mzima hula mbegu, lakini watoto wake huwalisha wadudu, tena mara nyingi mno kwa siku, tangu macheo hadi magharibi. Na maji yakidondoshwa mdomoni mwa kinda huingia kwa urahisi katika njia ya pumzi, ambayo tundu lake li hapo hapo nyuma ya ulimi. Kwa hiyo huenda hakufa kwa anguko wala kwa njaa. Huenda tulimzamisha sisi, kwa matone yetu ya huruma, tukisimama kulizunguka boksi kama watu wazungukao kitanda cha mgonjwa.

Tumelitafakari sana neno moja tangu siku ile. Lugha yetu ina kitenzi kuokota. Huokotwi kilichowekwa, huokotwa kilichoanguka na mwenyewe asijue, au kisicho na mwenyewe. Mtu akisema "nimeokota shilingi," amekwisha kutoa hukumu mbili kabla hajamaliza sentensi: kwamba shilingi ile ilipotea, na kwamba mwenyewe hayupo. Ndiyo maana mwizi hulipenda neno hili. Hata wauzao kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, ambao mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwaweka katika orodha ya wanyama wasioruhusiwa kabisa kuuzwa kwa biashara wakitoka porini, wakishikwa na makinda mkobani hawasemi kwamba walipanda mti. Waliokota. Lakini si mwizi anayetushughulisha hapa. Anayetushughulisha ni mtu mwema, kwa sababu mtu mwema naye husema "nimeokota" na husema kwa moyo safi, wala hapana amwulizaye swali.

Sisi tuliulizwa swali hilo Koboko.

Kutoka Arua hadi Koboko, kwa njia ya kaskazini ipitayo Maracha, ni safari isiyofika kilomita 60, nasi tulikuwa tumekwenda huko kukutana na walimu wenzetu. Wakati wa mapumziko tulimwona uani, karibu na jiko, kinda wa shore, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa cheusi. Huyu hakuwa mtupu kama yule wa Arua. Alikuwa na manyoya, mkia mfupi kama uliokatwa, naye alikuwa akirukaruka chini, anaangukia ubavu, anainuka. Tuliona fursa ya kulipa deni. Mmoja wetu aliinama amchukue, akisema kwamba mara hii hatutampa maziwa, tutamtafutia panzi.

Bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe kivulini alisema, bila kuinua macho, "Mwacheni, wanangu. Yuko kazini."

Tulimweleza kwa adabu kwamba tumemwokota hapo, hana mtu. Hapo akainua macho. Akauliza, "Mmemwokota baada ya kukaa naye muda gani?"

Hatukuwa na jibu, kwa kuwa tulikuwa tumekaa naye muda wa kuinama. Akatuonyesha kwa kidevu waya wa kuanikia nguo: pale alikuwapo shore mzima, na kiwavi mdomoni, akitungoja sisi tuondoke. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ndege wengi wadogo. Huja siku ambapo kinda mwenye manyoya huacha kiota kabla hajajua kuruka sawasawa, hukaa siku kadhaa chini au vichakani akijizoeza, na wazazi wake humlisha pale alipo. Mtu apitaye humwona yatima, kumbe ni mwanafunzi.

Tungecheka tukaondoka, na makala haya yangeishia hapo kama habari ya ndege, lau bibi yule asingeendelea. Alituhadithia jambo la Oktoba 1980. Wasomaji wa huku hawana haja ya kuelezwa mwezi ule. Kwa wengine twasema kwa ufupi tu kwamba, baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, askari wake wa zamani walirudi kwa silaha kutoka ng'ambo ya mpaka mwaka uliofuata, wakaingia Koboko na Arua, na jeshi jipya lilipokuja kulipiza halikutofautisha askari na mkulima. Watu wa West Nile walikimbia kwa maelfu mengi kwenda Sudan na Zaire, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980.

Bibi alikuwa mama kijana wa watoto wawili. Mdogo alikuwa mgongoni, ana homa. Mkubwa, wa miaka minne, alichoka kutembea. Alimkalisha chini ya mkwaju, akamwambia asiondoke hata akiitwa, akarudi nyuma mwendo mfupi kuufuata mzigo wa unga alioutupa, kwa kuwa aliona kwamba bila unga ule wote watatu hawatafika. Mtoto alitii, hakuondoka. Ila alilia. Watu waliokuwa wakipita walimwona mtoto peke yake chini ya mti, analia, risasi zinasikika; wakambeba. Mama aliporudi alikuta mavumbi yaliyobonyea alipokuwa ameketi mwanawe.

Alikaa chini ya mkwaju hadi usiku, kisha siku ya pili yote. Alimpata baada ya miezi minne, kambini upande wa Sudan. Waliomchukua hawakumficha, walikuwa wakitangaza kila soko. Walimlisha, wakamvisha, walimtibu macho. Alikuwa amenenepa kuliko nduguye. Alikuwa pia akimwita mwanamke mwingine mama, na mama yake alipomnyoshea mikono alijificha nyuma ya gauni la yule mwingine.

"Sikuwalaumu," bibi alisema. "Nitawalaumuje? Niliwapigia magoti. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu amesema ameokota kitu chenye uhai, namwuliza alikaa pale muda gani."

Twarudi sasa kwa swali lenyewe, yaani mtu afanye nini amwonapo kinda chini. Waislamu wengi wa Koboko watayakumbuka mapokezi mawili. Katika moja, Mtume Muhammad aliulizwa juu ya mnyama aliyepotea. Juu ya mbuzi au kondoo alijibu kwamba achukuliwe, maana asipochukuliwa na mtu atachukuliwa na mbwa mwitu. Lakini alipoulizwa juu ya ngamia alikasirika, akauliza muulizaji ana shida gani naye, hali ngamia ana miguu yake na akiba yake ya maji, naye ataishi mpaka mwenyewe amkute. Twaona kwamba hukumu yote imesimama juu ya swali moja: je, huyu aweza kungoja? Kinda mwenye manyoya wa Koboko ni ngamia. Kinda mtupu wa Arua ni mbuzi, hawezi kungoja. Siafu peke yao wangemmaliza kabla ya adhuhuri. Na katika mapokezi ya pili masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipiga mbawa juu yao. Mtume aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe kwake. Wakristo nao wana sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, imkatazayo mtu aliyekikuta kiota njiani asimtwae mama pamoja na watoto. Ile, kwa maoni yetu, ni sheria ya mtu mwenye njaa. Mwenye huruma haikumfikiria, labda kwa sababu hapana aliyedhani kwamba mwenye huruma naye ahitaji sheria.

Mwenzetu mmoja, tulipomsomea sehemu ya makala haya, alitupinga kwa nguvu, na upinzani wake hatuwezi kuuruka. Alisema: mnafundisha watu kupita. Kama wale wakimbizi wangengoja chini ya mkwaju ili kuhakikisha kama mtoto ana mama, wangekufa wote, na mtoto naye. Mungu hatamwuliza mtu kama mama alikuwa karibu. Atamwuliza kwa nini alipita. Dunia, alisema, haikosi watu wakaao na kutazama.

Twakiri kwamba kwa mtoto yule na siku ile amesema kweli. Risasi zikilia, mbebe. Bibi mwenyewe alisema hivyo kwa kupiga magoti. Na hatari ya mafundisho yetu ni kwamba mvivu atayashika kwanza, apite kando ya mwenye kuzama akisema huenda mama yake yu karibu. Hata hivyo twaona kwamba mwenzetu ametupa njia mbili tu, kupita na kubeba, hali kuna ya tatu ambayo ni ngumu kuliko zote mbili: kubaki. Methali yetu yasema tenda wema nenda zako, na aghalabu twaitumia kumwonya mtu asingoje shukrani. Lakini tazama litokeapo jambo ambalo wema na kwenda zako haviwezi kufanywa pamoja. Mtu huona kinda, moyo humwuma, naye ana safari. Hawezi kukaa nusu saa nyuma ya ukuta akitazama kama mzazi atakuja. Basi huuchukua uchungu wake pamoja na kinda, akaenda navyo nyumbani. Kwa nje imekuwa huruma. Kwa ndani, mara nyingine, ni haraka.

Na kubeba kunaondoa kitu ambacho hakionekani. Kinda hana jina wala cheti. Ushahidi wake wote kwamba ana wazazi ni mahali alipo. Mzazi hurudi mahali. Hamjui wala hamfuati aliyembeba. Kinda akiwa chini ya mwembe, hata akiwa katika hatari, angali mtoto wa watu fulani. Akivushwa barabara ndani ya boksi la chaki amekuwa yatima, na aliyemfanya yatima ni yule yule aliyelia alipomwona. Mtoto wa chini ya mkwaju alikuwa na mama mpaka dakika alipoinuliwa.

Haya yamejulikana West Nile kwa gharama kubwa, na twafurahi kuona kwamba hayakusahauliwa. Vita vilipofumuka tena Juba mwezi Julai 2016 na wakimbizi wa Sudan Kusini wakavuka kwa wingi, hata kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo, ikawa na watu zaidi ya 250,000 kabla mwaka haujaisha, walikuwamo watoto wengi waliofika bila wazazi. Kazi haikuwa kuwajengea bweni tu. Iliandikwa majina yao na ya vijiji vyao na mahali walipoachana na jamaa, wakatafutiwa familia za lugha yao zikae nao huku ndugu wakitafutwa. Ni kazi ya polepole, haipigwi picha nzuri, na mtoto mmoja mmoja huchukua miezi. Lakini ndani yake limo swali la bibi yule.

Kwa ndege mambo ni mepesi zaidi, ingawa si mepesi kabisa. Mwenye manyoya aachwe, au asogezwe hatua chache juu ya kichaka ikiwa yu njiani mwa baiskeli. Mtupu arudishwe kiotani kwa mkono ulio safi na wa upole. Kiota kikiwa hakifikiki au kimepasuka, kikapu kidogo chenye majani makavu kikafungwe katika mti ule ule, karibu iwezekanavyo na kile cha kwanza, kisha watu waondoke. Kuondoka huko ni nusu ya msaada. Aliyejeruhiwa na paka, au ambaye wazazi wake wameonekana wamekufa, ni shauri jingine, na aghalabu hufa mikononi mwetu hata tukijua kazi. Tena yapo tusiyoweza kuyaona kutoka chini. Yuko kekeo ambaye hutaga katika viota vya minana, na mtoto wake, angali kipofu, huwasukuma nje wenye kiota. Huenda kinda wetu wa Arua alisukumwa hivyo, na kama mvulana angempandisha angemrudisha kwa muuaji wake. Hilo halimwondolei mvulana haki ya kupanda. Alikuwa sahihi kwa yale yaliyoweza kujulikana, nasi tulikuwa na makosa kwa yale tuliyoyasikia dirishani tukafunga.

Kijana huyo sasa yuko sekondari. Tulipomkuta mjini tulimwomba radhi, naye hakukumbuka ndege. Alikumbuka sentensi yake ubaoni.

Ama yule shore wa Koboko, tulikaa naye. Tulisogea hadi ukutani tukatazama mama yake akishuka mara tatu, mara mbili na kiwavi na mara moja na kitu tusichokitambua. Kisha tukaitwa kula. Tuliporudi hapakuwa na ndege uani, mkubwa wala mdogo, na bibi alikuwa ameondoka na maharagwe yake. Paka wa jikoni alikuwa amelala kizingitini. Tulimtazama kwa muda mrefu, naye akatutazama.